Kabla ya District 9 Kulikuwa na Kajiado

Wasee, kama umeiona District 9 najua kuna sehemu moja haijakutoka kichwani. Jamaa anaitwa Wikus van de Merwe, kijana wa ofisi, tabasamu la mtu aliyepandishwa cheo jana. Anapita mlango hadi mlango kwenye mabanda ya Johannesburg, mkononi makaratasi, nyuma yake wanaume wenye bunduki. Wanaoishi kwenye mabanda hayo ni viumbe wa sayari nyingine. Chombo chao kilisimama juu ya jiji mwaka 1982, kikagoma kuondoka, wakakwama. Sasa Wikus anataka waweke sahihi kwamba wamekubali kuhamishwa mbali na jiji. Mmoja anayapiga yale makaratasi kwa hasira, anaacha alama, na Wikus anafurahi: hiyo nayo ni sahihi, twende mlango unaofuata.

Mara ya kwanza unacheka. Ukishajua historia ya Kajiado, kicheko kinakwama kooni. Hii kaunti yetu, kuanzia Kitengela hadi Namanga, kuanzia Ngong hadi Magadi, ilichorwa na makaratasi kama yale, alama kama zile, na bunduki zikiwa karibu vilevile. Nataka tubonge hiyo stori leo kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia kuna neno moja hurudi mtaani: wageni. Nani mgeni, nani mwenyewe, nani arudi kwao. Na mimi naona tunalitumia hilo neno bila kujua lilikopitia.

Muvi ilitoka wapi

Tuanze na muvi yenyewe. Mwongozaji wake, Neill Blomkamp, ni mzaliwa wa Johannesburg. Kabla ya District 9, iliyotoka 2009, alikuwa ametengeneza filamu fupi inayoitwa Alive in Joburg. Humo watu wa kawaida wanaongea kwenye kamera kuhusu wale viumbe: wanaleta shida, hatuwataki, waondoke. Unaangalia unasema, manze, hawa watu wanajua kuigiza. Kumbe baadhi yao hawakuwa wanaigiza. Blomkamp aliwauliza wana maoni gani kuhusu wahamiaji Waafrika waliokuja Johannesburg, watu wa Zimbabwe na kwingineko, kisha akayatumia majibu yao kana kwamba wanaongelea viumbe wa angani. Hakubadilisha neno. Maneno yaliingia kwenye muvi yakatosha kama glavu.

Jina District 9 nalo limetoka mahali halisi. District Six ilikuwa mtaa wa Cape Town. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba ni mtaa wa Wazungu, na watu karibu 60,000 wakafurushwa, nyumba zikabomolewa. Na mabanda unayoyaona kwenye muvi hayakujengwa studio. Ilipigwa Chiawelo, Soweto, mwaka 2008. Mwezi Mei mwaka huohuo, Waafrika Kusini walishambulia wahamiaji Waafrika mitaani, na zaidi ya watu 60 wakafa.

Kwa Kiingereza neno alien lina maana mbili: kiumbe wa anga za mbali, na mtu ambaye si raia wa nchi aliyomo. Muvi nzima inacheza kwenye huo mpaka. Sisi Kiswahili chetu kinasema mgeni, na mgeni wetu huandaliwa chai. Lakini sheria hazikuandikwa kwa Kiswahili.

Wanaume wa suruali

Rudi miaka ya 1890, hapa kwetu. Kuna watu wametokea mbali, rangi yao haijawahi kuonekana, wamebeba vyombo ambavyo hakuna anayejua vinafanyaje kazi. Kwa macho ya Mmaasai wa wakati huo, nani hapo ndiye kiumbe wa sayari nyingine? Wamaasai waliwapa Wazungu jina ambalo wazee bado wanalijua: iloridaa enjekat, yaani wale wanaofungia ushuzi wao ndani. Ni kwa sababu ya suruali. Cheka tu, ni sawa. Ila ona pia kwamba aliyetoa hilo jina ni mwenyeji anayemkagua mgeni juu hadi chini na kujiuliza, huyu naye amevaa nini.

Bahati mbaya wageni walifika wakati mwenyeji yuko chini. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890, ndui ikafuata ikamaliza watu, na juu yake kukawa na vita kati ya wana wawili wa laiboni Mbatian, Olonana na Sendeu, kila mmoja akidai urithi wa baba. Kipindi hicho kinaitwa emutai, maangamizi. Halafu reli kutoka Mombasa ikafika 1899 mahali palipoitwa Enkare Nyirobi, maji baridi. Ndiyo, Nairobi.

Hapa ndipo historia yetu inaachana na Hollywood. Kwenye muvi, aliyekwama ni yule aliyetoka mbali. Hapa kwetu waliotoka mbali walikuwa na reli inayofanya kazi, meli inayosubiri Mombasa, na njia ya kurudi kwao siku yoyote. Aliyeishia kukwama ni mwenyeji.

Alama kwenye karatasi

Agosti 1904, Sir Donald Stewart, aliyekuwa Kamishna wa Uingereza, alifanya mkataba na viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa wa kwanza kwenye orodha. Hawakuandika majina. Waliweka alama. Mkataba ulisema Wamaasai watatoka Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru kwenye malisho bora karibu na reli, ili walowezi wapate nafasi. Wao wangekaa sehemu mbili: moja kaskazini, Laikipia, na nyingine kusini, upande wetu huu. Katikati kungekuwa na njia ya kuunganisha ndugu na ndugu, na kipande cha ardhi kule Kinangop kingebaki kwa ajili ya sherehe za tohara.

Na mkataba huo ungedumu mpaka lini? Hapa wengi wetu tumedanganyana. Kuna stori maarufu kwamba ardhi ilikodishwa kwa miaka 99, kwa hiyo ilipaswa kurudi 2004. Mwezi Agosti mwaka huo Wamaasai waliandamana wakidai hivyo. Lakini mkataba wa 1904 hauna miaka 99 popote. Ulichosema ni kikubwa zaidi: ungesimama maadamu Wamaasai wapo duniani. Sasa fanya hesabu. Wamaasai wako hapa hata leo. Mkataba ulidumu miaka saba.

Mwaka 1911 walowezi walikuwa wameiona Laikipia na wakaipenda. Olonana alifariki Machi mwaka huo. Serikali ikasema mzee alipokuwa anakata roho aliacha wosia kwamba watu wake wahamie kusini. Unaona jinsi ilivyofaa? Aprili, chini ya Gavana Sir Percy Girouard, mkataba mpya ukawekwa alama, na jina la kwanza safari hii ni la Segi, mtoto wa Olonana, kijana ambaye bado alikuwa anahitaji wazee wa kumsimamia. Kiongozi mkubwa wa Wapurko wa Laikipia, Parsaloi ole Gilisho, naye aliweka alama, ingawa alikuwa amepinga kuhama na baadaye akaendelea kupinga.

Uhamisho ulianza mwaka huohuo. Fikiria maelfu ya watu, watoto, wazee, na mifugo isiyohesabika, wanasukumwa kupitia milima ya Mau kwenye mvua na baridi. Ulikwama, ikabidi usimamishwe, kisha 1912 ukaanza tena. Walipelekwa hifadhi ya kusini, ambayo leo ndiyo Narok na Kajiado. Wakaputiei, ambao nchi yao ndiyo hii ya Kitengela na Isinya, walikuwa huku tangu zamani. Hawakuhamishwa kutoka Laikipia, lakini nao sasa walikuwa ndani ya sanduku lililochorwa na mtu mwingine.

Kesi ambayo hatukufundishwa vizuri

Sasa fika hapa polepole, kwa sababu ndipo stori ilipo.

Wamaasai hawakurusha mikuki. Walienda kortini. Mwaka 1912, miaka mingi kabla ya vyama vya siasa tunavyosoma shuleni, Ole Gilisho na wenzake walitafuta wakili, Mwingereza, na kesi ikafunguliwa kwa jina la Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Hoja yao ilikuwa safi: mkataba wa 1904 bado unasimama, na walioweka alama 1911 hawakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya Laikipia kwa niaba ya wote. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliyewasaidia na kupeleka habari Uingereza, aliondolewa nchini akapelekwa Nyasaland.

Mahakama Kuu ilitoa uamuzi 1913. Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikaukubali. Jibu lilikuwa la ajabu kuliko muvi yoyote. Mahakama haikusema mkataba wa 1911 ulikuwa wa haki. Ilisema haiwezi hata kusikiliza. Kwa nini? Kwa sababu Afrika Mashariki wakati huo haikuwa koloni, ilikuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa hiyo, kwa mfalme wa Uingereza, hapa ni nchi ya kigeni, na Wamaasai si raia wake. Ni watu wa kigeni waliofanya mkataba na mfalme, kama vile nchi moja inavyofanya na nchi nyingine. Na mambo ya mikataba kati ya nchi na nchi hayaamuliwi na mahakama ya kawaida. Nendeni nyumbani.

Nyumbani wapi? Hapo ndipo penyewe.

Soma tena uone ujanja. Ili waweke alama na kutoa ardhi, Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa kamili, lenye uwezo wa kufanya mkataba. Ili waidai hiyo ardhi, wakaambiwa wao ni wageni mbele ya korti hii. Mtu hajavuka mpaka wowote. Amesimama kwenye nchi aliyochunga baba yake na babu yake. Sheria ndiyo iliyotua juu yake kama chombo cha angani, na ilipotua, yeye akawa alien.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya Taji ilitangaza kwamba hata ardhi wanayokaa Waafrika ni mali ya mfalme. Mwaka 1920 nchi ikageuzwa koloni, ikaitwa Kenya, na watu wakawa raia wa mfalme. Unafikiri basi sasa mambo yatanyooka? Mwaka 1921, kwenye kesi ya Wakikuyu wa Kiambu, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba Waafrika ni wapangaji tu wa mfalme, na anaweza kuwatoa akipenda. Ndani ya miaka minane mwenyeji alitoka kuwa mgeni akawa mpangaji, na hakuna siku hata moja katikati hapo aliyokuwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo mtu akiniambia District 9 ni hadithi ya kubuni, mimi namuuliza, ni sehemu gani hasa iliyobuniwa? Kamba kwenye uso?

Ploti, waya na taito

Sasa turudi Kitengela. Baada ya uhuru, mwaka 1968, Kenya ilitunga sheria ya kusajili ranchi za pamoja. Familia nyingi zikamiliki ardhi kwa taito moja, na Kitengela ilikuwa mojawapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande na taito yake. Mwaka 1990 sheria ya viwanda vya kuuza nje ikapita, EPZ ikajengwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji keja, na keja zikahitaji ploti. Wengine wote tulifuata: mwalimu kutoka Kisii, fundi kutoka Machakos, karani wa Nairobi aliyechoka na kodi. Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela ina watu 154,436. Kaunti nzima ilikuwa na 1,117,840.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka wasifunge waya, ili nyumbu na pundamilia waendelee kutoka Mbuga ya Nairobi na kurudi. Shilingi 300. Linganisha na bei ya ploti ya futi 50 kwa 100, utaelewa kwa nini waya ulishinda.

Hapa najua mtu tayari ana jibu: lakini Wamaasai waliuza wenyewe, hakuna aliyewashikia bunduki. Ni kweli, na sitaki tudanganyane. Kuna watu waliuza wakajenga, wakasomesha watoto. Kuna walioacha familia zimelala nje. Aliyenunua kwa jasho lake na taito safi hajaiba kitu. Lakini ukianza stori kwenye siku ya kuuza, umeanza muvi katikati. Mtu huyu alianza na nchi iliyofika Laikipia, akasukumwa mara mbili kwa karatasi, akafungiwa kwenye kona kavu, kona ikakatwa vipande, halafu tunashangaa kipande cha mwisho kilikuwa rahisi kuuzika. Utani wa Mmaasai aliyeuza shamba akanunua pikipiki ungepungua kidogo kama tungejua sehemu ya kwanza.

Na kwa upande wa pili, ndugu zangu wa Kajiado, hatuwezi kulitumia neno lile lile lililotumiwa dhidi ya wazee wetu. Ukimwita jirani mgeni wa kurudi kwao, ilhali amezaliwa hospitali ya hapa na hajui barabara ya huko "kwao", unaishika ile karatasi ya 1913 na kuisoma kwa sauti yako. Kila jamii ina mtu wake wa nje. Wamaasai wana neno olmeek kwa Mwafrika asiye Mmaasai. Na ile simulizi ya zamani ya ng'ombe walioshuka kutoka kwa Enkai juu kwa ukanda wa ngozi ina Mdorobo ndani yake, ambaye analaumiwa kwamba ukanda ulikatika kwa sababu yake na ng'ombe wakaacha kushuka. Stori nzuri sana ya angani, kongwe kuliko Hollywood. Lakini muulize Mdorobo anaionaje.

Kadi

Kenya huru nayo iliendelea na hilo neno. Mwaka 1973 tulikuwa na sheria iliyobeba neno alien kwenye jina lake, na kitambulisho cha mtu wa nje mtaani kikaitwa kadi ya alien. Sheria ya uraia ya 2011 iliiondoa ile ya zamani, ila mdomo wa mtaa haujabadilika. Waulize Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani tangu miaka ya 1930. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kenya bila kitambulisho cha Kenya, bila akaunti ya benki, wakiogopa kila askari barabarani. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Baada ya hapo ndipo wakatambuliwa. Walikuwa watu walewale jana na leo. Kilichobadilika ni karatasi.

Kuna muvi mbili zingine za miaka ya 1980 zenye mgeni wa angani aliyekwama, na ukiziweka pamoja utaona tunaweza kwenda njia gani. Moja ni E.T. ya Spielberg, 1982, kila mtu anaijua. Kiumbe kimeachwa, watoto wanakificha, mwisho kinarudi kwao na sote tunalia. Nyingine ni The Brother from Another Planet ya John Sayles, 1984. Humo mgeni ni mtu mweusi asiyeweza kuongea, mtumwa aliyetoroka kutoka sayari nyingine, anaishia Harlem. Hana chombo cha kumrudisha. Watu wa baa wanamtafutia pa kulala na kazi, kwa sababu ana kipaji cha kutengeneza mashine kwa kuzigusa. Waliokuja kumkamata hawafanikiwi, na sababu ni mtaa.

Siasa za "warudi kwao" zinapenda mwisho wa E.T.: chombo kinakuja, mgeni anaondoka, tunabaki wenyewe. Kitengela hakuna chombo kinachokuja. Mjukuu wa aliyesukumwa kutoka Laikipia na binti wa fundi wa Machakos wanapanda matatu moja asubuhi, na hakuna hata mmoja wao mwenye sayari nyingine ya kurudi. Hii ya Sayles ndiyo yetu, tupende tusipende.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kajiado siku ya tatu ilishapita zamani. Ninachotaka ni viwili tu. Kesi ya Ol le Njogo ifundishwe kwenye kila shule ya kaunti hii, kwa mtoto wa Mmaasai na kwa mtoto wa aliyenunua ploti, darasa moja, siku moja. Na mwanasiasa akisimama kwenye gari lake na kuanza kutugawa kwa wenyewe na wageni, tumuulize swali moja tu: nani ameshika makaratasi, na nani anaambiwa aweke alama?

Muulize mzee wa kwenu kama aliwahi kusikia stori ya Laikipia, halafu niambie hapo chini alichokujibu. Nitayasoma yote.